Mgonjwa Niliyemwandikia "Hakumbuki"

Niliacha uuguzi zamani. Mjukuu wangu ndiye aliyenifungulia ukurasa huu mtandaoni, akaniambia, "Bibi, andika chochote." Leo sina jipya la kuandika. Nanakili ukurasa mmoja wa daftari langu la miaka ile ya ujamaa, wakati vita vya mpakani vilikuwa vimekwisha lakini sukari na sabuni hazijarudi madukani. Majina nimeyabadilisha. Mengine nimeyaacha kama nilivyoyaandika, pamoja na ujinga wangu.

Alhamisi, Novemba. Hamugembe, Bukoba.

Mvua imeanza kabla jogoo hajawika, na sasa ni saa kumi na mbili jioni bado inapiga mabati kama ina ugomvi nayo. Migomba nyuma ya nyumba imesimama kwenye maji. Nimekaa karibu na mlango ili nipate mwanga, maana mafuta ya taa hayaonekani dukani wiki ya pili hii.

Nilijaribu kumenya ndizi nikajikata kidole, nikaziacha humo humo kwenye sufuria, nyingine zina maganda, nyingine hazina.

Mungu wangu, nimemfanya nini mtu yule?

Ngoja niandike polepole, tangu mwanzo, kama ninavyoandika ripoti. Labda nikiiona kwenye karatasi nitaiamini.

Mimi ni nesi wa wodi ya wapiganaji walioumia kichwa, hapa Bukoba. Daktari wetu alitoka Dar es Salaam na utafiti wake. Anataka kujua kama akili iliyotikiswa na risasi, bomu au kitako cha bunduki inaweza kufundishwa upya, taratibu, kama mtoto anavyofundishwa kutembea. Wagonjwa wako kumi na wawili. Asubuhi tunawapima, mchana tunawapa mazoezi: kukumbuka maneno matano, kupanga picha za hadithi, kuhesabu kwa kurudi nyuma, kufunga vifungo vya shati huku wakieleza walichokula jana. Wengine wameendelea vizuri hadi nikalia kwa furaha. Yuko mmoja aliyekuja hajui kijiko kinaingia upande gani wa mdomo, na sasa anawasomea wenzake gazeti.

Kazi ya kupima ni yangu. Daktari alinichagua kwa sababu mwandiko wangu ni safi na kwa sababu sina huruma ya kipumbavu. Alisema hivyo mbele za watu na mimi nikavimba kichwa. Nesi mwingine akiona mgonjwa anahangaika kutafuta jibu, anamnong'oneza. Mimi sinong'oni. Nauliza, nasubiri, naandika.

Hata chumba cha kupimia nilikitafuta mwenyewe. Daktari alitaka mahali pasipo na kelele, nikapata stoo ya zamani mwisho wa jengo: kuta nene, dirisha hakuna, mlango wa chuma. Nikaweka meza katikati na taa juu yake. Mgonjwa anakaa upande ule, anatazama mwanga, mimi nakaa upande huu na karatasi zangu. Na kwa kuwa mgonjwa mmoja aliwahi kutoroka hadi ziwani na kanzu ya wodi, nikaomba mgambo wa kukaa mlangoni. Nikapewa mzee Ta Bernado na bunduki yake, ambaye kutwa nzima anasinzia akiikumbatia. Nilikuwa najisifu kwa chumba kile. Nilimwonyesha kila mgeni aliyetutembelea.

Sasa nije kwa Projestus.

Ni mtu wa Kimwani, Muleba, umri kama miaka arobaini. Mguu wa kushoto anauburuta na kovu lake linaanzia juu ya sikio hadi kisogoni. Miaka michache kabla ya vita alihama na mkewe kwenda kulima katika kijiji kipya ng'ambo ya mto Kagera, na huko akawa mgambo. Adui alipovuka mpaka, akawakuta hukohuko. Askari wetu walimwokota baadaye kando ya njia, kichwa kimepasuka, haongei. Mgambo mwenzake ndiye aliyemtambua na kutupa jina lake na la mkewe. Bila huyo tusingejua ni nani, maana yeye mwenyewe alipoanza kusema alisema anaitwa Petro.

Karatasi ya vipimo ina ukurasa wa kwanza ambao hatuuruki kamwe. Unapima kama mtu anajijua. Jina lako nani? Kwenu wapi? Kazi yako nini? Umefikaje huku? Una mke? Una watoto wangapi? Tunauliza kwa Kiswahili, wote sawasawa, kwa mpangilio uleule, ili Daktari aweze kulinganisha. Mgonjwa akinijibu kwa Kihaya namrudisha kwenye Kiswahili. Hii ni kazi ya taifa, ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia.

Projestus alinijibu hivi siku ya kwanza: Petro. Ukerewe. Mvuvi. Nimefuata samaki. Sina mke. Sijaoa, watoto nitawatoa wapi?

Wiki iliyofuata akajibu hivyo hivyo. Na iliyofuata.

Miezi minane.

Kila wiki nilijaza ukurasa ule, na chini yake nikaandika kwa mwandiko wangu safi: Hakumbuki. Hakuna mabadiliko.

Kilichomshangaza Daktari ni kurasa zilizofuata. Ukimpa Projestus maneno matano, ndoo, jembe, kofia, jogoo, mkeka, anakurudishia manne, siku nyingine yote. Picha anazipanga. Hesabu zinamchosha, kichwa kinamuuma, chakula cha jana hakumbuki vizuri, lakini hayuko chini kabisa. Sasa mtu gani huyu anamkumbuka jogoo wa kwenye karatasi na mkewe wa ndoa hamkumbuki? Daktari alikuwa anatembea huku na huko akisema hajawahi kuona ubongo uliovunjika namna ile. Alikuwa ameanza kuandika makala juu yake.

Na mimi, Domitila mjuaji, nilikuwa namletea Daktari karatasi nyingine kila Ijumaa.

Mkewe, Ma Leokadia, alikuja mara mbili mwanzoni. Kutoka Kimwani hadi hapa na mtoto mgongoni, kwa basi lililokufa mara tatu njiani. Utaratibu wa utafiti ulisema mgeni amwone mgonjwa mbele ya nesi, ili nesi aandike kama anamtambua. Kwa hiyo nilisimama nao barazani, karatasi mkononi, Ta Bernado nyuma yangu, nikauliza, "Ndugu, unamjua mama huyu?" Projestus akamtazama kidogo, akatazama pembeni. "Simjui."

Mara ya pili ilikuwa vilevile. Mama wa watu aliketi chini sakafuni pale barazani akalia, na mimi nikamfariji kwa elimu yangu. Nilimwambia, nakumbuka maneno yangu yote, "Mama, usimchukie. Ni jeraha. Amekusahau." Hakurudi tena.

Wiki iliyopita Daktari alikata shauri. Vitanda havitoshi, wapo wengine wanasubiri, na mtu asiyejijua kwa miezi minane hatajijua tena. Projestus apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili, mbali huko mikoa ya kati, akae huko moja kwa moja. Meli ya kesho Ijumaa hadi Mwanza, kisha treni. Jina lake liliandikwa kwenye orodha ya bandarini. Ilibaki mkewe aweke saini tu, kwa hiyo tukampelekea ujumbe kupitia ofisi ya kijiji.

Akafika leo saa tatu, ameloa chapachapa. Amebeba kifurushi cha senene, wale panzi wa msimu wa mvua, waliokaangwa, amewafunga kwenye jani la mgomba. Senene ni zawadi ya mume, kwetu mwanamke anawakamata na mume ndiye anakula, na mimi nilipokiona kile kifurushi nikawaza, maskini, anamletea senene mtu asiyemjua. Nilimhurumia kweli. Huruma ya mtu aliyesimama mahali pakavu.

Alisoma ile karatasi ya ruhusa mwenyewe, kidole chini ya kila neno, ndivyo wanavyofundishwa kwenye elimu ya watu wazima. Akauliza huko anakopelekwa ni mwendo wa siku ngapi. Nikamwambia. Akauliza kama yuko mtu aliyewahi kurudi kutoka huko. Nikamwonyesha mahali pa kuweka saini.

Kabla ya saini ilibidi nimpime mgonjwa mara ya mwisho ili faili lifungwe. Kwa kawaida hakuna mgeni anayeingia chumba cha vipimo. Tangu utafiti uanze hajaingia hata mmoja, nilikuwa mkali kwa hilo. Lakini leo baraza lilikuwa linavuja mahali pote na mama yule anatetemeka kwa baridi, nikasema basi, kaa pale kwenye kigoda nyuma ya mlango, usiseme neno.

Hiyo ndiyo mara moja niliyovunja utaratibu wangu mwenyewe.

Projestus akaletwa. Ta Bernado akafunga mlango wa chuma, ukalia kama kawaida yake. Projestus akaketi, akaweka mikono yote miwili juu ya meza. Huwa anaiweka hivyo, viganja juu, bila kuambiwa. Hata hilo niliwahi kuliandika: mtulivu, mtiifu.

"Jina lako nani?"

"Petro."

"Kwenu wapi?"

"Ukerewe."

"Kazi yako?"

"Mvuvi."

Nikasikia mnong'ono nyuma. Nikageuka kumkemea mama, maana nilishamwonya. Alikuwa ameshika midomo yake kwa vidole, macho yamemtoka. Nikamtazama kwa jicho kali nikarudi kwenye karatasi yangu.

"Umefikaje huku?"

Na kabla Projestus hajafungua mdomo, sauti ya mama ikasema kutoka nyuma ya mlango, polepole, "Nimefuata samaki."

"Nimefuata samaki," akasema Projestus.

Kalamu ikaniponyoka.

Jamani, yale majibu hakuna aliyekuwa nayo isipokuwa mimi na Daktari. Faili linakaa kwenye kabati, ufunguo ninao mfukoni. Nikageuka na kiti changu chote. Nikamuuliza, "Ma Leokadia, umejuaje hayo?"

Hakunitazama. Alikuwa anamtazama mumewe. Akasema, "Nilimfundisha mimi."

Nitaandika alivyoniambia, ingawa alisema kwa Kihaya kilichochanganyika na kilio na mimi wakati huo masikio yalikuwa yanavuma.

Adui alipofika kijijini kwao, yeye na mumewe na watoto watatu walijificha kwenye mafunjo kando ya mto, wamekaa kwenye maji hadi kiunoni, mdogo amefungwa kifuani. Siku ya tatu watoto hawakuwa na nguvu hata ya kulia. Lazima mtu atoke akatafute chakula. Projestus akasema atatoka yeye. Lakini Projestus, mkewe anasema, ni mtu asiyejua kudanganya hata kidogo. Akiuza kahawa yenye unyevu anakwambia mwenyewe kwamba ina unyevu. Wakimkamata wakamuuliza, atasema kila kitu usoni, hata akinyamaza. Na wakijua ni mgambo wa pale, mwenye mke na watoto, wataingia kwenye mafunjo kuwatafuta.

Kwa hiyo asubuhi nzima mkewe akamkalisha pale kwenye maji akamfundisha, kama katekista anavyofundisha watoto wa komunyo ya kwanza. Wewe nani? Petro. Kwenu wapi? Ukerewe, huko hakuna anayekujua. Unafanya nini huku? Nimefuata samaki. Una mke? Sina. Akikosea wanaanza upya. Alikosea sana, anasema, na mara moja walicheka wote wawili hadi wakaogopa kusikika.

Na mwisho akamwambia, "Hata mimi nikiletwa mbele yako, hata wakinishika nywele, useme hunijui. Niapie." Akamwapia.

Hata mimi nikiletwa mbele yako.

Yesu na Maria! Niliposikia hilo nilishika meza.

Walimkamata hapohapo, hata hajafika mbali. Ma Leokadia alisikia yote kutoka kwenye mafunjo, ameziba mdomo wa mtoto kwa mkono. Wale watu walimuuliza kwa Kiswahili. Jina. Kwenu wapi. Kazi. Umefikaje huku. Una mke. Una watoto. Mpangilio huohuo, au karibu na huo, maana mtu akitaka kumjua mtu mwingine kwa nguvu hana maswali mengi ya kuuliza. Projestus hakukosea hata moja. Alipojibu lile la watoto, mkewe akasikia kishindo cha pigo. Kisha wakaondoka naye, na kwenye mafunjo hawakuingia.

Nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine, kwa nini hukutuambia haya siku ile ya kwanza?

Hapo ndipo akanitazama. Akasema kwa adabu ya kwetu, "Waitu nesi, ni wewe uliyeniambia amenisahau. Wewe umesoma. Mimi ningekubishia na nini?"

Swali hilo nimetembea nalo tangu saa nne asubuhi.

Nikakitazama chumba changu. Kuta, taa ya usoni, mlango wa chuma. Mwenye bunduki mlangoni. Mimi na karatasi, na sauti yangu ileile kila wiki, bila kunong'ona, bila huruma ya kipumbavu. Kihaya nilikipiga marufuku mle ndani, nikambakiza kwenye lugha ya wale waliompiga. Nilimletea mkewe barazani na bunduki nyuma yangu nikamuuliza, unamjua huyu? Na yule mwanamume, na kichwa chake kilichopasuka, na wakati wake uliogandia pale kando ya mto, akatazama pembeni kwa sababu ya kiapo. Halafu akarudi kitandani kwake, akalala, akaamka, akangoja nimwite tena.

Wazee husema kuuliza si ujinga. Kumbe inategemea nani anauliza na mlango umefungwaje.

Na karatasi zilinipigia kelele! Mtu aliyepotewa na akili leo atakwambia anaitwa Yohana, kesho Paulo, keshokutwa atakuuliza wewe jina lake. Nimewaona, ninao wodini. Ni nani aliyesahau akasahau kwa maneno yaleyale, kwa miezi minane, bila kuteleza hata neno? Mimi mwenyewe niliandika "hakuna mabadiliko" zaidi ya mara thelathini na sikuona kwamba hilo ndilo lilikuwa jibu.

Ma Leokadia akasimama kwenye kigoda. Akaniambia, "Nesi, toka. Na yule mzee aende na bunduki yake."

Nesi mkuu wa utafiti nikafukuzwa kwenye chumba changu, na nikatoka kama mtoto. Ta Bernado alitaka kuniuliza kuna nini, nikamwambia aende jikoni akanywe uji. Akashangaa, maana uji wa jikoni ni mimi niliyemkataza.

Mlango niliuacha wazi. Nikasimama upande wa pili wa ukuta, kwenye matone ya paa. Najua si adabu kusikiliza mtu na mkewe. Nilisikiliza.

Kwa muda mrefu mama alizungumza peke yake, kwa Kihaya, chini chini. Alimwita jina lake, Projestus, tena na tena. Alimwambia wale askari hawapo. Wameshaondoka, walifukuzwa, na yeye yuko Bukoba kwa watu wake. Alimtajia mama yake, shamba lao la Kimwani, mbuzi waliyempa jina la jirani. Nilidhani nitasikia "simjui" tena, na nikajiambia nikiisikia safari hii nitakufa.

Hakusema hivyo. Kisha nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa miezi minane, sauti nzito ya mtu mzima wa Muleba, kwa Kihaya safi, inanong'ona kwa hofu:

Aliuliza kama watoto wametoka kwenye maji.

Niliketi kwenye matope. Sare nyeupe, mvua inanyesha, wagonjwa wananitazama kutoka dirisha la wodi. Nilijiziba mdomo nisipige yowe. Miaka yote hii ya kazi nimeona watu wamekatwa miguu, nimewafumba macho waliokufa mikononi mwangu, na sijawahi kuketi kwenye matope.

Nilikwenda kwa Daktari hivyohivyo, ninachuruzika. Mwanzo hakutaka. Alisema asubuhi moja haiwezi kufuta miezi minane, kwamba wake wa wagonjwa husema mengi, kwamba meli haingoji. Nilipiga meza yake. Sijui nilipata wapi ujasiri, na nadhani nilimwita "wewe". Nikamwambia njoo usimame nje ya mlango, dakika mbili tu, na ukiingia na karatasi nitaichana.

Akaja. Hajui Kihaya. Lakini alimwona Projestus amemshika mkewe kifundo cha mkono, anamuuliza maneno na anajibiwa, na machozi yanamtoka yule mtu bila sura yake kubadilika. Daktari akarudi ofisini, akaketi, akafungua lile faili nene, ukurasa baada ya ukurasa. Mwishowe akaniuliza, "Sisi tulikuwa tunampima nini, Domitila?"

Nikamwambia, tulikuwa tunapima kama anampenda mkewe.

Nadhani nilisema kwa ukali. Hakukasirika. Alichukua kalamu akaandika barua ya bandarini, jina la Projestus liondolewe. Nikaipeleka mwenyewe hadi chini kwenye gati, kwenye mvua, sikumwamini mtu. Karani akalikata mbele yangu, nikamwomba alikate tena kwa mstari wa pili.

Hatapanda meli ile.

Sitaki kujidanganya, si muujiza. Mchana huu alimuuliza mkewe mara tatu kama wale askari wameondoka, na kila mara alisahau kwamba ameshajibiwa. Ta Bernado alipopita na bunduki, Projestus alirudisha viganja mezani, akawa Petro. Kichwa chake kimeumia kweli, na mguu, na wakati wake umevunjika vipande. Daktari anasema mazoezi yake yataanza upya, safari hii kwa Kihaya, mkewe akiwa naye, na baada ya wiki chache wafanyie Kimwani, shambani kwake. Ma Leokadia amepewa kitanda wodini. Senene wake waliliwa wote, na mgonjwa aliyewala alijua vizuri nani amewakaanga.

Kisha kuna wale kumi na mmoja. Nimetoa mafaili yao yote leo nikayaweka juu ya meza, na nimeogopa kuyafungua. Yuko mmoja anayekaa kimya kila nikiuliza jina la kijiji chake. Niliandika: hawezi. Yuko anayetazama mlango kila swali. Niliandika: hana umakini. Nani mwingine nimemfungia ndani ya stoo ile akimlinda mtu wake nisimfikie mimi?

Nimemwambia Daktari chumba kile nakirudisha kiwe stoo ya dawa. Hakubisha.

Ndizi hazijaiva na sina njaa. Nimekaa hapa nikimfikiria Projestus, na kuna jambo moja dogo linaniuma kuliko mengine, dogo hadi naona aibu kuliandika. Kwa miezi minane nimemuuliza jina lake, na hata siku moja sikumwambia langu. Wale kando ya mto nao hawakumwambia.

Kesho asubuhi naingia wodini bila karatasi. Nitapiga magoti mbele yake kama mwanamke wa Kihaya anavyomsalimia mtu mzima, nimwambie naitwa Domitila, nimezaliwa Muleba kama yeye, na sitamuuliza kitu.

Asiponiitikia, sitaandika.